Kufiwa, Kusomewa, Somo

Kufa ni kitenzi kisichohitaji mtu wa pili. Baba amekufa: sentensi imetimia, haidai neno jingine. Lakini kwetu Unguja habari ya msiba haiishii hapo. Mtu akisikia, huuliza nani kafiwa. Kufa imeingia kauli ya kutendea ikawa kufia, juu yake ikaja kauli ya kutendwa ikawa kufiwa, na sasa sentensi ina mtu hai ndani yake. Fulani kafiwa na babake. Mauti ni ya baba, kiima ni mwana.

Nimeyafikiri sana maneno haya tangu alipofariki baba yangu, ambaye alikuwa rafiki yangu pia. Na rafiki sisemi kwa mazoea ya kumsifu maiti. Alasiri nyingi tulikaa tukibishana juu ya neno moja tu, yeye na kamusi yake ya Johnson ya mwaka 1939, mimi na ile ya TUKI ya 1981, mpaka adhana ya magharibi itutenganishe. Alipoondoka, watu walikuwa na jina la kila nilichopoteza kwake kama mwana. Cha kunipa kama rafiki yake hawakuwa nacho.

Angalia istilahi zilivyopangwa. Mtoto aliyefiwa na baba kabla ya kubaleghe ni yatima. Mke ni mjane, na ana eda yake ya miezi 4 na siku 10. Mwenye fungu katika mali ni mrithi. Rafiki hana jina, hana muda wa kukaa ndani, hana fungu. Hata katika tanzia zetu, baada ya kutajwa alikuwa baba wa nani na kaka wa nani, habari hutakiwa ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki. Rafiki yuko mwisho wa mstari, tena kama mtu wa kupelekewa habari, wakati huenda ndiye aliyekesha na mgonjwa.

Hapa hapa Mtoni, kwenye magofu ya kasri la ufukweni, kuna msiba wa zamani ambao kila mara naurudia kwa ajili ya jambo hili. Sayyida Salme bint Said alizaliwa humo tarehe 30 Agosti 1844. Baba yake, Sayyid Said bin Sultan, alifariki baharini tarehe 19 Oktoba 1856, akirudi Unguja kutoka Oman. Mwanawe Barghash alikuwa naye chomboni. Akaileta maiti na kuizika usiku, kwa siri, wakati mji haujajua. Salme alikuwa na miaka 12. Alikuwa yatima kwa kila hali, lakini akatangazwa mtu mzima ili akabidhiwe urithi wake. Jina la yatima alivishwa na kuvuliwa karibu kwa mkupuo mmoja, na sheria ikawa imemalizana naye.

Kilichobaki ndicho kisicho na istilahi. Katika kumbukumbu zake, zilizochapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, miaka 30 baada ya msiba, anamwona baba yake kwenye roshani kubwa ya duara inayotazama bahari. Anatembea huku na huku, kainamisha kichwa, anachechemea kidogo kwa sababu ya risasi ya vitani iliyobaki pajani. Mtawala wa Oman na Unguja, mwenye majeshi na merikebu, simuoni katika picha hiyo. Namuona mtu mwenye mawazo yake, na mtoto anayemtazama akitamani kujua anawaza nini. Kuujua mwendo wa mtu kiasi hicho, na kuubeba mpaka Ujerumani alikohamia baadaye, ni kazi ya rafiki.

Turudi kwenye kauli ya kutendea, kwa sababu naamini humo ndimo Kiswahili kilimomwekea rafiki nafasi yake. Nomino zimemfungia mlango, vitenzi havikumfungia. Anaweza kufiwa, maana hakuna anayeuliza nasaba kabla ya kukitumia kitenzi hicho. Anaweza kumlilia, kumwombea, kumtolea sadaka. Na anaweza kumsomea hitima. Juzuu 30 huletwa msikitini katika sanduku, vijitabu vyembamba vilivyochakaa pembeni kwa vidole, kila mtu hupokea kimoja. Wote husoma kwa pamoja, kila mmoja mahali pake, sauti zikipishana, hata Msahafu mzima ukakamilika kwa muda mfupi. Anayegawa juzuu hakuulizi wewe ni nani wa marehemu. Marehemu anasomewa, aliyebaki amefiwa: shina moja ni -fi-, jingine ni -some-, na irabu ile ndogo ya kutendea imewashika wote wawili, aliye chini ya udongo na aliye juu yake.

Na marehemu lenyewe ni dua. Maana yake ni aliyerehemewa, na sisi hatuna njia ya kujua kama amerehemewa. Tunalisema kwa kumtakia. Ndiyo maana nalipenda kuliko hayati, ambalo asili yake ni uhai na sasa hupewa zaidi viongozi. Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyefariki tarehe 29 Februari 2024 na kuzikwa Mangapwani, huandikwa hayati. Kwangu mimi ni marehemu Mzee Mwinyi, na naona nimempa kikubwa zaidi.

Nilichokuwa nikikitafuta kwa baba nimekipata katika neno somo. Silo somo la skuli. Ni lile la watu, tunalosema somo yangu kama tunavyosema rafiki yangu. Somo ni mwenye jina moja na wewe. Somo ni pia msiri wako, rafiki wa ndani. Kamusi hupanga maana hizo mbili kwa namba kana kwamba zimekutana kwa bahati. Kwetu mtoto hupewa jina la babu yake, akawa somo wa babu, na wakubwa huzungumza naye kwa heshima na utani wa aliyetangulia. Jina na urafiki vimeshikana, kwa hiyo neno lina haki ya kuvibeba vyote.

Salme alifanya hivyo hivyo akiwa Hamburg. Mwanawe aliyezaliwa mwaka 1869 akaitwa Rudolph Said. Kijana huyo hakumuona babu yake, aliyekuwa amefariki miaka 13 nyuma. Mwaka 1929, akijiita Rudolph Said-Ruete, alichapisha London kitabu cha maisha ya Said bin Sultan. Wanahistoria humtaja kuwa mjukuu. Watu wa Mtoni tungesema kitabu kile kimeandikwa na somo yake.