Visasili vya Kale katika Michezo ya Majagina ya Mtandaoni

Kisasili ni masimulizi ya kale yanayoeleza asili ya ulimwengu, ya miungu, ya mauti na ya mambo mengine makuu yaliyowashangaza wahenga. Kwa karne nyingi masimulizi hayo yalihifadhiwa vifuani mwa watu, kisha yakaandikwa, yakaigizwa majukwaani na kuchorwa. Katika zama zetu yamepata makao mengine, nayo ni michezo ya kompyuta inayochezwa na maelfu ya watu kwa pamoja kwa njia ya intaneti. Makala haya yanahusu kundi moja la michezo hiyo, lile la majagina wenye nguvu zipitazo za wanadamu. Tutatazama yale ambayo watungaji wake waliyachukua katika visasili na yale waliyoyaacha, kwani yaliyoachwa nayo yana mafunzo makubwa.

Majagina hao hawakuzaliwa ndani ya kompyuta. Walianza katika vitabu vya katuni vya Marekani, ambako Superman alitokea mwaka 1938. Haukupita muda watungaji wakaanza kuchota katika jadi za kale. Mwaka 1940 alitokea Captain Marvel, kijana aliyepata nguvu zake kwa kutamka neno moja tu, Shazam. Neno hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za majina sita: Solomon, yaani Nabii Suleimani, mwenye hekima, Hercules mwenye nguvu, kisha Atlas, Zeus, Achilles na Mercury. Mwaka 1941 akafuata Wonder Woman, binti wa Waamazoni, wale wanawake wapiganaji wa visasili vya Kigiriki. Mwaka 1962 Thor, mungu wa radi wa watu wa Skandinavia, akaingizwa katika vitabu vya Marvel. Basi michezo ya mtandaoni ilipokuja, ilirithi mali iliyokwisha kukusanywa.

Mfano ulio bora ni City of Heroes, mchezo uliotungwa na Cryptic Studios ya Marekani na kutolewa na kampuni ya NCsoft ya Korea Kusini tarehe 28 Aprili 2004. Kila mchezaji alijiundia jagina wake, akamvika vazi na kumpa jina, kisha akamwingiza katika mji wa kubuni uitwao Paragon City. Asili ya nguvu katika mji huo ni ya Kigiriki. Inasimuliwa kwamba Marcus Cole alikunywa maji ya kisima cha kale huko Ugiriki, akapata nguvu za Zeus na kuwa jagina mkuu, Statesman. Rafiki yake, Stefan Richter, alipata nguvu kutoka Tartarus, shimo la giza lililo chini ya kuzimu, akawa adui yake. Mwaka 2008 wachezaji walifunguliwa njia ya kurudi nyuma katika wakati hadi Cimerora, nchi ya kale ya bahari ya Mediterania, ambako mpinzani wao mmoja anaitwa Romulus, jina la mwasisi wa mji wa Roma katika visasili.

Katika mchezo mwingine, DC Universe Online, uliotolewa mwaka 2011, mchezaji anayechagua upande wa uovu na nguvu za uchawi huongozwa na Circe. Huyu ni yule mchawi wa utenzi wa Odisei wa Homer aliyewageuza mabaharia kuwa nguruwe. Lakini katika Homer, Circe aliyewadhuru wageni ndiye pia aliyewalisha mwaka mzima na kumwelekeza Odysseus njia ya kwenda kwa wafu. Mchezo umemweka upande mmoja tu, kwa kuwa unamtaka kila mtu awe ama mwema ama mwovu.

Hata hivyo, deni kubwa zaidi la michezo hii kwa visasili halimo katika majina, bali katika muundo. Mchezo huendeshwa kwa majukumu: mchezaji humwendea mtoa kazi, hupewa adui wa kumshinda au kitu cha kutafuta, hurudi, hulipwa, hupewa kazi iliyo ngumu zaidi. Mpango huu unafanana sana na ule wa kazi 12 za Hercules, ambaye Wagiriki walimwita Herakles. Mfalme Eurystheus alimtuma amuue simba wa Nemea, kisha joka lenye vichwa vingi, kisha kazi nyingine moja baada ya moja.

Lakini tukilinganisha kwa makini tutaona tofauti kubwa. Herakles hakutafuta sifa wala mali. Alikuwa amewaua watoto wake mwenyewe katika wazimu alioletewa na mungu Hera, na kazi zile zilikuwa malipo ya damu hiyo. Katika masimulizi yaliyohifadhiwa kwa jina la Apollodorus, kazi zilikuwa 10 tu, lakini mfalme alikataa kuzihesabu mbili. Ya joka aliikataa kwa sababu Herakles alisaidiwa na mpwa wake, Iolaus. Ya kusafisha mazizi ya Augeas aliikataa kwa sababu Herakles alidai ujira. Ndipo zikaongezwa nyingine mbili. Katika mchezo wa mtandaoni sheria hizi zimegeuzwa: kusaidiana ndio msingi wa mchezo, na ujira ndio unaomrudisha mchezaji kila jioni. Badiliko la kwanza lina heri yake, maana linawafundisha vijana ushirikiano. La pili linaondoa kiini cha kisasili, yaani toba.

Jambo jingine lililoachwa ni mauti. Gilgamesh, mfalme wa Uruk katika utenzi wa Mesopotamia, alimlilia rafiki yake Enkidu, akasafiri kutafuta uzima wa milele. Akaupata mmea wa kurudisha ujana, nyoka akaula, naye akarudi kwao mikono mitupu. Katika City of Heroes jagina aliyeshindwa alipelekwa hospitali, akainuka na kurudi vitani. Ni kweli kwamba watungaji walimuua Statesman katika mfululizo mmoja wa mwishomwisho, lakini jagina wa mchezaji mwenyewe hakufa.

Kilichokufa ni mchezo wenyewe. Tarehe 30 Novemba 2012 NCsoft iliufunga, na majagina waliotungwa kwa miaka minane wakatoweka siku moja. Zeus wa visasili hana mwenye hati naye, bali mji uliojengwa juu ya jina lake ulikuwa na mwenyewe, naye alifunga mlango. Wachezaji hawakukubali. Mwaka 2019 ilijulikana kwamba kikundi fulani kilikuwa kimeuendesha mchezo kwa siri, na programu yake ikasambaa. Mnamo Januari 2024 NCsoft iliwapa kibali wapenzi wa mchezo waitwao Homecoming. Hivyo mchezo uliokoka kwa njia ileile iliyoviokoa visasili: walikuwapo watu waliokataa kuusahau.

Sisi tunalo jagina la kulinganishwa na hao. Fumo Liyongo, ambaye utenzi wake uliandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, hakudhurika kwa silaha ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Aliyemchoma ni mwanawe, aliyeshawishiwa kwa ahadi ya cheo na mke. Liyongo akajikokota hadi karibu na kisima, akapiga goti, akavuta upinde, akafa hivyo. Na watu wa mji wakakaa bila maji kwa kumwogopa maiti. Kisima cha Statesman kilitoa nguvu. Kisima cha Liyongo kinatuonyesha mwisho wa nguvu, na aibu ya usaliti unaofanywa kwa ajili ya ujira.

Huenda siku moja vijana wetu wakamtia Liyongo katika mchezo wa kompyuta. Hilo si jambo la kuogopwa, kwani kila kizazi kimesimulia jadi kwa vyombo vyake. Walimu na wanafunzi wanaosoma utenzi huu wana wajibu wa kuufahamu wote, hata mahali panapouma, ili watakapotunga wasichukue upinde na misuli wakaiacha sindano. Na utenzi wenyewe uendelee kusomwa na kughaniwa shuleni, usitegemee mlango ambao mtu mmoja anaweza kuufunga.