Vielezi vya Usawa katika Kiingereza: Asili Yake na Safari Yake

Nilipokuwa mwanafunzi niliandika siku moja katika daftari langu la Kiingereza sentensi ya kumsifu ndugu yangu. Nilitaka kusema kwamba yeye hufanya kazi kwa bidii sawasawa na baba yetu. Nikaandika: "He works as hardly as our father." Mwalimu aliisoma kwa sauti mbele ya darasa, akacheka, na darasa zima likacheka pamoja naye. Nilikusudia sifa, ikatoka aibu. Maana neno "hardly" katika Kiingereza cha leo humwelekea mtu ambaye ni shida kusema kwamba afanya kazi. Nikauliza kwa nini "quick" hupewa kiungo "ly" liwapo kielezi, na "hard" hunyimwa. Nilijibiwa kwamba ndivyo Waingereza wasemavyo.

Jibu lile lilikuwa la kweli, lakini halikuwa jibu. Kuuliza si ujinga, na swali la mtoto laweza kuishi moyoni mwake miaka mingi. Katika makala haya nakusudia kulijibu kwa njia ya historia, kwani sarufi nyingi zionekanazo kuwa amri tupu ni mabaki ya mambo yaliyopita.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Mtu atakaye kusema kwa Kiingereza kwamba vitendo viwili hufanyika kwa namna moja na kwa kadiri moja, hutia kielezi baina ya "as" mbili: "as quickly as", "as well as", "as hard as". Ya kwanza hupima kadiri. Ya pili huleta kile kilinganishwacho. Mgeni wa lugha hushangaa kuona neno moja likifanya kazi mbili katika sentensi moja, mlangoni na uani. Lakini ndivyo ilivyokuwa tangu kale.

Makabila yaliyovuka bahari kuingia Uingereza katika karne ya 5 yalikuwa na neno "swa", maana yake "hivyo". Katika maandishi ya zama za Mfalme Alfred, aliyetawala toka mwaka 871 hata 899, usawa ulielezwa kwa kulitaja neno hilo mara mbili: "swa" mbele ya kielezi, na "swa" nyuma yake. Ni kama kusema "hivyo upesi, hivyo yeye". Watu walipotaka kulitia neno nguvu walitanguliza "eall", yaani "yote", likawa "eallswa": "vivyo hivyo kabisa". Na neno litumiwalo kila siku huchakaa kama ngazi ikanyagwayo na wengi. Baada ya Wanormandi kuiteka nchi mwaka 1066, mambo ya serikali yaliandikwa zaidi kwa Kilatini, na baadaye kwa Kifaransa pia. Kiingereza kikakosa kipimo kimoja cha uandishi, na kila mwandishi akaandika kama alivyosikia kwao: "alswa", "also", "alse", "als", na mwisho "as".

Hivyo babu mmoja alizaa ukoo. "So" ni "swa" lile lile la kale. "Also" ni "eallswa" lililobaki na umbo nono, likachukua maana ya "pia". "As" ni "eallswa" lililokonda, likachukua kazi ya kulinganisha. Hata "als" la Kijerumani lina asili ya namna hiyo hiyo, ingawa leo Wajerumani hulitumia mahali pa kutaja kuzidiana. Mwanafunzi akijua haya, hatashangaa tena kusikia Waingereza wakisema "not so fast as" na vile vile "not as fast as". Baadhi ya vitabu vya sarufi vya karne za 18 na 19 vilitaka "so" litumike katika kukana, na "as" katika kukubali. Leo yote mawili hukubaliwa, wala si ajabu, kwa kuwa ni ndugu.

Sasa turudi kwenye aibu yangu. Katika Kiingereza cha kale kivumishi kiligeuzwa kielezi kwa kuongezewa sauti "e" mwishoni: "heard" ilikuwa sifa ya kitu kigumu, na "hearde" ilikuwa namna ya kutenda kwa nguvu. Sauti hiyo ilififia taratibu, na baada ya kifo cha mshairi Chaucer mwaka 1400 haikukawia kutoweka kabisa. Ilipotoweka, kivumishi na kielezi vikafanana. Ndiyo sababu "hard" na "fast" hutumika katika kazi zote mbili bila ya kiungo chochote.

Lakini ilikuwako njia ya pili. Lilikuwako neno "lic", maana yake mwili au umbo. Lilipounganishwa na neno jingine lilileta maana ya "mwenye umbo la", na likiongezewa "e" likawa kielezi chenye mwisho wa "lice". Huyo ndiye mzazi wa "ly" ya leo. Na neno "like", lenye maana ya "kama", latoka katika shina hilo hilo, yaani chenye umbo moja na kingine. Basi msomaji na atazame: asemaye "as quickly as" ametumia "as" mara mbili, na katikati yake mna kipande ambacho nacho zamani kilikuwa neno la kufananisha. Usawa umefichwa ndani ya usawa.

Njia ya kwanza ilipodhoofika, watu waliikimbilia ya pili. Maneno mengi yakachukua "ly". Machache ya kale yakabaki wazi. Mengine yakawa na sura mbili, na sura mbili zikagawana maana. "Hardly" hapo kwanza lilimaanisha kwa nguvu au kwa ukali. Kisha likamaanisha kwa taabu. Na litendwalo kwa taabu hukaribia kutotendwa. Nafasi ya bidii ikabaki mikononi mwa "hard". Kosa langu, basi, halikuwa upumbavu: nilifuata njia ambayo Waingereza wenyewe waliipita, wakaiacha.

Liko jambo jingine ambalo lilileta ugomvi miongoni mwa wenyeji wenyewe. Je, baada ya "as" ya pili isemwe "I" au "me"? Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi ambaye mwaka 1777 alikuja kuwa Askofu wa London, alitoa kitabu cha sarufi kilichofundisha kwamba jambo hilo huamuliwa na kitenzi kilichofichika. "She loves him as much as I" maana yake ni kadiri nimpendavyo mimi. "As much as me" maana yake ni kadiri anipendavyo mimi. Joseph Priestley, aliyetoa sarufi yake mwaka 1761, alishika kwamba desturi ya wasemaji ndiyo hakimu. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York, alitoa kitabu chake, na kanuni za namna ya Lowth zikaingia katika shule nyingi.

Kanuni ya Lowth ina busara, lakini haifiki mbali. Mtu akisema "She loves me as much as you", nani ajuaye kama "you" ni apendaye au apendwaye? Zamani Waingereza walikuwa na "ye" la mtenda na "you" la mtendwa, nalo "ye" limeacha kutumika. Majina nayo yalikuwa na miisho ya kuonyesha kazi yake katika sentensi, nayo ikaanguka. Lugha iliyopunguza mzigo wake njiani ilipoteza na baadhi ya akiba yake.

Hapa Kiswahili hakina haja ya kuona haya. Sisi husema: "Ananipenda kadiri anavyokupenda wewe," au "Ananipenda kadiri unavyonipenda wewe." Viambishi viwili vidogo vimemaliza ugomvi. Nalo neno letu "kama" lina historia ifananayo na ya "as": limetoka katika Kiarabu, na huko lilikuwa vipande viwili, "ka" yenye kufananisha na "ma" yenye maana ya kile au yale, vikashikamana vikawa kitu kimoja. Ndimi za watu wa mbali zilifanya kazi moja pasipo kushauriana.

Nionavyo mimi, mwalimu asomeshaye "as soon as", "as long as" na "as far as" afanye jema akiwaonyesha wanafunzi kwamba hapo kwanza huu ulikuwa usawa wa kweli wa upesi, wa urefu na wa umbali, kabla ya kugeuka viunganishi visemwavyo kwetu "mara tu", "maadamu" na "hadi". Hatapoteza dakika nyingi, na mtoto ataona kwamba lugha ya kigeni si ukuta wa amri bali ni nyumba iliyojengwa na watu, ikabomolewa, ikajengwa tena. Mtoto aonaye hivyo hukosea bila ya kuvunjika moyo, na hujifunza bila ya kuidharau lugha ya mama yake. Ndugu yangu, kwa taarifa ya wasomaji, aliendelea kufanya kazi kwa bidii sawasawa na baba yetu. Na leo naweza kuyaandika hayo kwa lugha zote mbili pasipo kuchekwa.