Mlio wa Harvard

Kwanza niseme ukweli: hii ndege ni tamu. Nimeisubiri miezi, nimeangalia vidio zote za watu wakiisifu, na nilipoipata hatimaye haikuniangusha. Harvard. Wamarekani waliiunda na kuiita Texan, Waingereza wakaibatiza Harvard, na zilitoka kiwandani zaidi ya 15,000. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, gurudumu dogo mkiani, na pale mbele injini kubwa ya mviringo yenye silinda tisa na nguvu ya farasi 600. Ilikuwa ndege ya mafunzo. Vijana wengi waliorusha Spitfire kwenye Vita vya Pili vya Dunia walifundishwa kwanza kwa hii.

Shida ni kwamba laptopu yangu hapa Kitale haiwezi kuibeba. Feni yake inalia kama poshomili hata nikifungua barua pepe tu. Kwa hivyo Jumamosi moja nikapanda matatu, Kiminini, Kamukuywa, Kimilili, hadi Bungoma, kwa rafiki yangu mwenye saiba. Ana kompyuta moja ya maana ambayo kwa kawaida vijana hulipia kucheza mpira. Siku hiyo akaniachia saa tatu nzima, nami nikamlipa kwa kuku choma na ahadi.

Nikaanzia nyumbani, kiwanja cha ndege cha Kitale. Kiko futi 6,070 juu ya usawa wa bahari, karibu mita 1,850, na waliounda hii Harvard hawakusahau hilo. Huku juu hewa ni nyepesi, injini haipati pumzi yake kamili, na usipopunguza mafuta kwenye mchanganyiko itakohoa kama mzee wa busaa. Kuiwasha pia ni kazi. Unapampu mafuta kwa mkono, unasikiliza, unaomba, kisha moshi unatoka na mambo yanaanza. Ukiwa chini huoni mbele, pua imekuziba, kwa hivyo unaenda ukiyumba kushoto na kulia ili uchungulie njia. Halafu kuna kitu kinaitwa presha ya haidroliki: lazima ubonyeze wenzo fulani kwanza ndipo magurudumu yakubali kukunjwa. Nilisahau mara mbili, nikaruka hadi Kiminini yakining'inia kama miguu ya kuku.

Lakini ikishapata mwendo, wacha tu. Kutoka Kitale hadi Bungoma ni kama kilomita 70 kwa mstari ulionyooka, dakika kumi na sita hivi. Kulia kwangu Mlima Elgon, mita 4,321, Masaba wa Wabukusu, umelala kama ng'ombe aliyeshiba. Kimilili ikapita chini. Kushoto, upande wa Webuye, vilima vya Chetambe, na hapo rafiki yangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akila mfupa, akagonga kioo kwa kidole chenye mafuta. "Hapo ndipo walitumaliza," akasema. Alimaanisha mwaka 1895, Charles Hobley na jeshi lake walipovamia ngome ya Wabukusu. Mikuki kwa bunduki. Alisema tu, akaendelea kutafuna. Mimi nilikuwa natafuta kiwanja cha kutua.

Kinachofanya watu waipende Harvard kuliko kitu kingine ni mlio. Ncha za propela huzunguka karibu na kasi ya sauti, na hapo hutoka mlio mkali wa kupasua, si ngurumo, ni kama mtu anachana shuka refu lisiloisha. Nyongeza hii wameurekodi vizuri mno. Nikawasha spika za saiba zote, vijana wa mpira wakageuka. Nikairekodi kwa simu: kuruka, kupita chini karibu na paa, kutua. Jioni nikapanda matatu kurudi.

Nyanya yangu, sisi humwita cucu, alikuwa jikoni. Nilikuwa sebuleni nikimwonyesha binamu yangu ile vidio, sauti juu kabisa. Nikasikia sufuria ikiwekwa chini. Cucu akaja mlangoni, mwiko mkononi, akatazama dari. Si mimi, si simu. Dari.

"Iko wapi hiyo?"

Nikamwambia ni mchezo, iko kwenye simu. Akasema, "Zima." Nikazima. Akarudi jikoni, na hakuna aliyeongea hadi chakula kikaiva.

Cucu hakuzaliwa huku Trans Nzoia. Familia ilikuja baada ya uhuru. Yeye ni wa Nyeri, upande wa Mweiga, chini kabisa ya msitu wa Nyandarua, na mwaka 1954 alikuwa msichana wa miaka kumi hivi. Hayo nilikuwa nayajua. Lililonipita ni kwamba Mweiga ilikuwa na Harvard.

Nikaanza kusoma usiku huohuo. Hali ya hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Machi 1953, jeshi la anga la Uingereza likaunda kikosi cha Harvard huko Rhodesia ya Kusini na kukileta Kenya. Kikosi kiliitwa 1340. Kichekesho cha bahati mbaya: injini ya Harvard nayo kwa jina la kiwandani ni R-1340, hesabu ya ujazo wa silinda zake. Nilikuwa nimeona namba hiyo kwenye kitabu cha maelezo cha nyongeza yangu, nikaipita.

Kikosi kilikaa kwanza Thika, kisha Mweiga. Ndege ya kufundishia ilifungwa bunduki ya rashasha na mabomu manane madogo chini ya mabawa, kila moja ratili 20, kama kilo 9. Misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya ilikuwa imetangazwa marufuku: ukionekana ndani, wewe ni adui, maliza. Kutoka Mweiga hadi msituni ni dakika chache tu kwa Harvard. Na kwa nini Harvard? Kwa sababu ni ya bei ya chini, inavumilia viwanja vya udongo, na inaenda polepole kiasi cha kutosha kutafuta moshi kati ya miti. Yaani zilezile sifa tunazoisifia sisi wapenzi wa simuleta.

Kufikia Novemba 1953 waliona haitoshi, wakaleta Lincoln, ndege za injini nne za ukoo wa Lancaster iliyochoma miji ya Ujerumani. Hizo zilirukia Eastleigh, hapohapo Nairobi, zikabeba mabomu ya hadi ratili 1,000. Mengi yaliangukia miti, mianzi na wanyama. Tembo na vifaru walijeruhiwa, wakageuka wakali. Wapiganaji walijifunza kupika bila moshi na kulala mbali na njia. Karari Njama, aliyekuwa karani wa Dedan Kimathi, ameyaandika maisha hayo ya msituni katika kitabu alichokitoa na Donald Barnett mwaka 1966. Kulikuwa pia na ndege za kupiga kelele, Auster na Pembroke, zilizofungwa vipaza sauti na kuzunguka juu ya miti zikiwaambia watu kwa Kikuyu wajisalimishe. Hebu waza: uko ndani ya mianzi, una njaa, na mbingu inakuita kwa lugha ya mama yako.

Mimi nimesoma historia ya shule kama nyinyi. Tulifundishwa Kimathi, panga, Lari, Kapenguria. Ndege sikumbuki. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilipoeleza masikitiko yake na kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228, kesi ilikuwa ya mateso ya kambini. Ndege hazikuwa sehemu yake. Na kwetu nyumbani kimya kilikuwa na sababu pia: Mau Mau ilibaki chama haramu kisheria hadi 2003. Cucu aliishi miaka arobaini ya uhuru ambapo kusema kaka yake aliingia msituni bado kulikuwa kumtaja mwanachama wa kundi lililopigwa marufuku.

Hilo la kaka yake aliniambia wiki iliyofuata, bila kuulizwa, tukichambua maharagwe. Asubuhi watoto wa kijiji walihesabu ndege zikienda. Wakahesabu tena zikirudi. "Tulikuwa tunataka zirudi pungufu," akasema. "Zilirudi zote." Kaka hakurudi. Hakuna aliyeleta habari, hakuna kaburi, na hajui kama ni ndege, risasi, njaa au baridi. Anachojua ni mlio.

Kisha akanishangaza. Akauliza kama hiyo ndege yangu inaweza kwenda Mweiga.

Nikarudi Bungoma. Rafiki yangu safari hii hakutaka kuku, nilikuwa nimemwambia. Nikaruka kutoka kiwanja cha Mweiga, sauti nimeizima kabisa, nikapanda kuelekea msituni nikizunguka taratibu, milima ya Nyandarua mbele na Mlima Kenya nyuma. Mnaotaka kujua: inageuka kwa upole, haishtuki, na ukiiinamisha bawa unaona chini vizuri sana. Sana. Niliporekodi ya kutosha sikutua, nikaifunga programu ikiwa hewani.

Nyumbani cucu alivaa miwani na kuishika simu kwa mikono miwili. Mchezo huu huchora ardhi kwa picha za setilaiti, kwa hivyo mashamba, barabara na mabati yalikuwa ya leo, naye alipotea. Nikairudisha nyuma. Akaomba niende pole. Akatafuta mto kwanza, akaupata, akaufuata kwa kucha.

"Hapa," akasema. Palikuwa na kijani kitupu, labda chai, labda nyasi. "Hapa ndipo walituleta. Nyumba zimebanana hivi. Na huu hapa mtaro, tulichimba sisi, mama yangu na mimi, kuzunguka kijiji chote, ndio wa msituni wasipate chakula."

Nikasimamisha picha. Hapakuwa na mtaro.

"Sogeza kidogo kushoto," akasema.