Setilaiti ya Siri Isiyoweza Kujificha: Kutoka Molniya Hadi Meridian

Leo tuache kidogo mambo ya programu na simu, tutazame juu.

Kuna familia moja ya setilaiti za mawasiliano ya kijeshi ambayo Warusi wamekuwa wakiirusha, kwa jina moja au jingine, tangu mwaka 1964. Kwanza ziliitwa Molniya, maana yake radi. Siku hizi ni Meridian. Kazi yake ni kuunganisha makao makuu na meli, ndege na vituo vya mbali kule kaskazini. Ni setilaiti za siri, lakini mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kujua zinapita wapi. Nimezifuatilia kwa muda sasa, na jambo linalonivutia zaidi ni hili: kuna vitu ambavyo serikali inaweza kuvificha na kuna vitu ambavyo haiwezi, na mara nyingi sivyo unavyodhani.

Tatizo la jiografia

Sisi tulio kwenye ikweta tumebarikiwa. Setilaiti nyingi za mawasiliano hukaa juu ya ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na kuzunguka sambamba na dunia. Kwetu huonekana kama zimesimama pale pale. Unafunga dishi juu ya paa, unalielekeza mara moja, basi.

Sasa mfikirie mtu wa Murmansk, latitudo 69 kaskazini. Hata setilaiti ya aina hiyo ikiwa katika longitudo yake mwenyewe, ataiona nyuzi 12 hivi tu juu ya upeo wa macho. Kilima kidogo kinatosha kuiziba. Ukivuka latitudo 81 haionekani kabisa. Na huko ndiko manowari na meli za kivita za Urusi hufanya kazi.

Wahandisi wa Kisovieti walitafuta njia nyingine. Badala ya mzingo wa duara, walichagua mzingo mrefu kama yai lililovutwa. Upande mmoja setilaiti hupita chini sana, kilomita mia kadhaa tu, tena upande wa kusini mwa dunia. Upande wa pili hupanda hadi karibu kilomita 40,000 juu ya kaskazini.

Ujanja uko kwenye mwendo. Rusha mpira juu utazame: ukikaribia kilele hupunguza kasi, hukawia kidogo, kisha hushuka mbio. Setilaiti hufanya vivyo hivyo. Ikiwa chini hukimbia karibu kilomita 10 kwa sekunde. Ikiwa kileleni, kama kilomita 1.5 tu. Mzunguko mmoja huchukua karibu saa 12, na kama saa 8 kati ya hizo setilaiti huwa inaning'inia juu ya kaskazini. Weka tatu au nne zikipokezana zamu, utakuwa na mawasiliano usiku na mchana.

Lipo tatizo jingine, na hapa wapenda hesabu watafurahi. Dunia si tufe kamili. Imevimba kiunoni: kipenyo chake kwenye ikweta kinazidi kile cha kupitia ncha kwa kilomita 43 hivi. Uvimbe huo huuvuta mzingo na kuugeuza pole pole, hadi siku moja kilele chako kiko juu ya kusini badala ya kaskazini. Lakini katika fomula ya mgeuko huo mna kipengele 4 − 5sin²i, ambapo i ni mwinamo wa mzingo kutoka ikweta. Kipengele hicho kinapokuwa sifuri, mgeuko unakoma. Piga hesabu: i ni nyuzi 63.4. Ukiinamisha mzingo hapo, kilele kinabaki kaskazini bila kuchoma mafuta mengi kukirekebisha.

Mwanzo mgumu

Molniya ilibuniwa katika ofisi ya Sergei Korolev, yule yule aliyewapeleka Sputnik na Gagarin. Jaribio la kwanza, tarehe 4 Juni 1964, roketi ilishindwa. La pili, tarehe 22 Agosti mwaka huo huo, lilifika angani lakini antena hazikufunguka. Wakaubatiza mtambo huo "Kosmos 41". Jina Kosmos lilikuwa kapu la kila kitu: setilaiti za sayansi, za ujasusi, na zile zilizoharibika ambazo hawakutaka kuzieleza.

Tarehe 23 Aprili 1965 Molniya ya kwanza ilifaulu. Muda si mrefu picha za televisheni zikasafiri kati ya Moscow na Vladivostok, upande wa pili wa nchi. Mwaka 1967 ulizinduliwa mtandao wa Orbita, vituo kama 20 vyenye madishi ya mita 12, ili miji ya Siberia ione televisheni ya Moscow. Kazi ya kuziunda setilaiti hizi ikahamishiwa kwa kikundi cha Mikhail Reshetnev, katika mji uliofungwa wa Krasnoyarsk-26, ambao sasa unaitwa Zheleznogorsk. Hadi leo kampuni yenye jina la Reshetnev ndiyo inayotengeneza Meridian.

Kichekesho ni kwamba mfumo huo huo wa jeshi ulikuja kubeba mazungumzo na adui. Mwaka 1971 Marekani na Wasovieti walikubaliana laini ya dharura kati ya Moscow na Washington ipitie setilaiti: upande mmoja Intelsat, upande wa pili Molniya. Laini hiyo ilianza kutumia setilaiti mwaka 1978.

Wanafunzi wa Kettering

Setilaiti za kwanza zilirushwa kutoka Baikonur. Kuanzia mwaka 1970 Molniya zikaanza kurushwa pia kutoka Plesetsk, msituni kaskazini mwa Urusi, latitudo 62.9. Mahali hapo palijengwa kuanzia mwaka 1957 kama kambi ya makombora ya kuilenga Marekani kupitia juu ya ncha ya kaskazini. Tazama sadfa: ukirusha roketi moja kwa moja mashariki kutoka latitudo 62.9, mwinamo unaoupata ni karibu nyuzi 63. Kambi ya makombora ilikuwa tayari iko mahali ambapo hesabu ya Molniya ilipahitaji.

Gharama yake ni msukumo wa dunia. Kwenye ikweta dunia inakupa bure mita 465 kwa sekunde. Ndiyo maana Waitaliano walikuja kuweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ambako setilaiti ya Uhuru ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970. Plesetsk unapata mita 212 hivi tu. Kinachobaki unalipia kwa mafuta.

Plesetsk haikuwa kwenye ramani. Lakini katika mji wa Kettering, Uingereza, mwalimu wa fizikia aitwaye Geoffrey Perry alikuwa akisikiliza mawimbi ya setilaiti pamoja na wanafunzi wake wa sekondari, kwa redio ya kawaida ya kupokea. Machi 1966 wakagundua kwamba Kosmos 112 ilipita kwa mwinamo wa nyuzi 72, ambao haukulingana na kitu chochote kilichowahi kutoka Baikonur. Oktoba ikaja Kosmos 129, kwa mwinamo tofauti. Wakachora njia zote mbili kwenye ramani na kuzirudisha nyuma hadi zikakutana. Mahali zilipokutana palikuwa karibu na Plesetsk.

Fikiria hilo. Wanajeshi walilinda barabara, reli na barua, halafu watoto wa shule wakapajua mahali hapo kwa penseli. Wasovieti wenyewe walikiri kwamba kuna kituo hicho mwaka 1983.

Jinsi roketi inavyoandaliwa

Kazi yenyewe ina utaratibu ambao haujabadilika sana tangu enzi za Korolev. Setilaiti husafirishwa kutoka Siberia na kuunganishwa na sehemu ya juu ya roketi, ambayo siku hizi ni Fregat, injini ndogo inayoweza kuwaka na kuzimwa mara kadhaa. Roketi ya Soyuz hulazwa chali ndani ya banda na kuunganishwa ikiwa imelala. Kisha huvutwa kwa garimoshi, pole pole, hadi kwenye jukwaa, na kusimamishwa. Haisimami kwa miguu yake. Hushikwa kiunoni na mikono minne ya chuma, ambayo hufunguka kama ua roketi inapopaa.

Saa chache kabla ya kuruka hujazwa mafuta ya taa ya kiwango cha juu na oksijeni iliyogandishwa hadi kuwa majimaji. Chini ya injini huwekwa viwashio vilivyoshikiliwa kwa vijiti vya mbao. Naam, mbao: ni kama kiberiti kikubwa.

Baada ya kama dakika mbili roketi nne za pembeni huachia zote kwa pamoja na kuchora angani alama inayoitwa msalaba wa Korolev. Dakika chache baadaye Fregat hubaki peke yake, huwaka kwa awamu, na baada ya saa mbili na ushei setilaiti huachiliwa.

Kilichofichika kweli

Hatua ya kujaza mafuta ndiyo ya kuogopesha. Tarehe 18 Machi 1980, roketi aina ya Vostok-2M, ndugu wa roketi ya Molniya, ililipuka Plesetsk ikijazwa mafuta. Watu 48 walikufa. Tume ya uchunguzi iliwatupia lawama wahudumu wenyewe, yaani marehemu na wenzao waliopona.

Miaka mingi baadaye ikabainika kwamba tatizo lilikuwa kwenye vichujio vya haidrojeni peroksaidi. Vilikuwa vimetengenezwa kwa vifaa ambavyo huichochea peroksaidi kuvunjika na kuwaka. Wahudumu walikuwa wamefuata maagizo yote. Sisi waandika programu tunaijua tabia hii: mfumo ukianguka, wa kwanza kulaumiwa ni aliyekuwa ameshika kibodi. Tofauti ni kwamba hapa waliolaumiwa walikuwa wafu, na umma wa nchi yao haukuambiwa juu ya ajali hiyo hadi mwaka 1989.

Hapo ndipo ninapotaka tutue kidogo. Njia ya setilaiti ilijulikana kwa wanafunzi wa Kiingereza ndani ya miezi michache. Vifo vya watu 48 vilifichwa miaka tisa.

Kutoka analogi hadi dijitali

Molniya ya mwisho ilipotea tarehe 21 Juni 2005, roketi iliposhindwa na kuanguka Siberia. Tarehe 24 Desemba 2006 Meridian ya kwanza ikarushwa kutoka Plesetsk kwa roketi mpya ya Soyuz-2.

Kwa macho Soyuz-2 ni ile ile ya zamani. Kilichobadilika ni ubongo. Soyuz za awali ziliongozwa na mfumo wa analogi, ambao Urusi huru iliutegemea kutoka Ukraine. Hazikuweza kujigeuza kuelekea upande unaotakiwa zikiwa hewani, kwa hiyo jukwaa zima lilizungushwa kabla ya kuruka. Soyuz-2 ina kompyuta ya dijitali iliyotengenezwa Yekaterinburg. Inapaa, kisha inajigeuza yenyewe. Kazi ya mitambo mizito ya chuma imechukuliwa na programu.

Lakini programu nzuri haiponyi injini mbovu. Mei 2009 Fregat ilizima mapema na Meridian ya pili ikaachwa chini kuliko ilivyopangwa. Tarehe 23 Desemba 2011 Meridian ya tano haikufika kabisa: karibu dakika ya saba injini ya hatua ya tatu iliharibika, na mabaki yakanyesha mkoa wa Novosibirsk. Tangi moja la mviringo lilitoboa paa la nyumba katika kijiji cha Vagaitsevo. Hakuna aliyeumia. Nyumba hiyo ilikuwa kwenye mtaa uitwao Mtaa wa Wanaanga. Safari hii hapakuwa na miaka tisa ya kungoja: picha za paa lile zilizunguka dunia ndani ya siku moja.

Meridian zimeendelea kurushwa tangu hapo. Mojawapo iliondoka tarehe 22 Machi 2022, wiki chache baada ya Urusi kuivamia Ukraine.

Ukitaka kufuatilia mwenyewe ifuatayo, si kazi ngumu. Kwanza hutolewa onyo kwa marubani wasipite maeneo ambako vipande vya roketi vitaanguka. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza. Baada ya kuruka, wizara ya ulinzi ya Urusi hutoa taarifa fupi. Kisha katalogi ya wazi ya jeshi la Marekani huorodhesha namba za mzingo, na programu ya bure kwenye kompyuta yako itakuchorea lile yai refu lenye kilele kaskazini. Ukiona mwinamo wa nyuzi 63 hivi na mzunguko wa saa 12, umeshajua ni nini, hata kama hakuna aliyekuambia.

Yaliyomo kwenye mawasiliano hutayasikia, hayo yamefungwa kwa msimbo. Lakini njia yenyewe iko wazi kwa kila mtu. Ukitaka siri halisi za kituo kama Plesetsk usizitafute angani. Zitafute chini, kwa wale wanaojaza mafuta.