Vilalo vya Kuning'inia na Njia za Magenge katika Milima ya Uswisi

Sisi tuliokulia karibu na msitu tunajua kilalo cha kamba za porini: ukiweka mguu kinacheza, na chini maji yananguruma. Wengi wetu tunafikiri ni mambo ya watu maskini tu, wasio na simenti. Basi twende Ulaya, katika inchi ya Uswisi, kwenye milima ya Alpes yenye vilele vya teluji, tuone kama ni kweli.

Katika bonde la Schöllenen, mto Reuss unapita kati ya magenge marefu, na zamani njia iliishia pale. Katika karne ya 13 watu walijenga kilalo cha mbao juu ya mto, na karibu yake njia ya mbao ubavuni mwa mwamba. Masimulizi yanasema iliningʼinia kwa minyororo. Ndipo wanyama wenye mizigo walianza kupita kwenda Italia, na biashara ikafunguka. Mwaka 1595 kilalo kikajengwa kwa mawe. Kiisha, mwaka 1708, wakamaliza kutoboa mwamba wenyewe, mita 64, na ile njia ya mbao ikaachwa.

Wazee wa kule wanasimulia kwamba kazi iliwashinda watu wa Uri, ndipo Shetani akajitolea kujenga, mradi apewe nafsi ya kwanza itakayovuka. Wao wakamfukuzia mbuzi dume! Kwa hasira akabeba jiwe kubwa ili abomoe kilalo, lakini bibi mzee akalichora msalaba, akashindwa kulinyanyua tena. Jiwe lile lingali pale; mwaka 1977 lilisogezwa mita 127 kupisha barabara kubwa.

Upande wa Valais, ni maji yaliyowapandisha watu kwenye magenge. Mvua kule ni haba, na mashamba yanangojea maji ya teluji. Mifereji yao inaitwa bisse. Ile ya Ayent ni ya mwaka 1442: mahali pengine ilikuwa ya mbao, imeshikizwa kwenye mwamba mtupu, na mlinzi alitembea kwenye ubao mwembamba. Gurudumu lililozungushwa na maji lilipiga nyundo ya mbao. Nyundo ikinyamaza, alijua maji yamekatika. Wenye haki ya maji walipashwa kutengeneza mfereji pamoja. Mwaka 2023 UNESCO iliandika desturi hii ya umwagiliaji, ya Uswisi na inchi zingine sita za Ulaya, katika urithi wa wanadamu.

Hata siku zetu haja haijaisha. Kule Trift wapanda mlima walizoea kuvuka juu ya barafu kufikia nyumba yao ya kulala. Joto la dunia likaiyeyusha, ikabaki ziwa na shimo. Mwaka 2004 wakafunga kilalo cha kamba za chuma; kile kilichokifuata mwaka 2009 kina mita 170, na kinapita mita 100 juu. Mfano waliutoa wapi? Nepal, kwa watu wa milima ambao wengi wangewaita maskini! Leo wageni wanatoka mbali juu ya kutetemeka tu pale katikati na kutazama milima.

Basi, ile hofu ambayo wazee wao waliivumilia juu ya mizigo na maji, leo watu wanaifuata kwa furaha. Lakini hakuna kilalo kinachodumu chenyewe. Kinadumu kama kuna wanaokubali kukitengeneza. Kwetu, wazee wanaojua kuchagua kamba, kuzisuka na kuzikaza wanapungua. Tuwaulize wakingali hai, tusije siku moja kwenda kwa wageni kuomba elimu iliyokuwa nyumbani.