Pampu za damu katika upasuaji wa moyo

Pampu ya damu ndiyo kiini cha mashine ya moyo na mapafu, inayobeba kazi ya moyo wakati umesimamishwa ili daktari aufanyie upasuaji. Kwa mtu mzima hupitisha lita 4 hadi 5 hivi kwa dakika. Aina kuu ni mbili: ya rola na ya sentrifuga.

Ya rola ndiyo kongwe. Daktari wa upasuaji Michael DeBakey aliiboresha miaka ya 1930 kwa ajili ya kuongezea wagonjwa damu, kisha ikaingia kwenye mashine ya moyo na mapafu ambayo daktari wa upasuaji John Gibbon aliitumia kwa mafanikio huko Philadelphia tarehe 6 Mei 1953. Mpira wa damu hulazwa kwenye mfereji wenye umbo la U, na rola mbili huzunguka zikiuminya ukutani. Kila mzunguko hutoa kiasi kilekile cha damu, hivyo kuhesabu mizunguko kunatosha kujua mtiririko. Ugumu uko kwenye kubana. Rola ikikaza mno, seli nyekundu hupasuka na mpira humeguka chembechembe. Ikilegea, damu hurudi nyuma. Kabla ya upasuaji, mtaalamu wa mashine huinua mpira uliojaa maji ya dripu kama mita 1 juu ya pampu, akilegeza rola kidogo kidogo hadi maji yashuke taratibu, sentimita 2.5 hivi kwa dakika.

Pampu ya sentrifuga ilienea kuanzia miaka ya 1970. Ndani ya kikombe cha plastiki, koni au mapanga huzungushwa kwa sumaku mara elfu kadhaa kwa dakika; damu huingia katikati na kurushwa pembeni. Kwa kuwa haibani chochote, mtiririko wake hubadilika kadiri shinikizo la damu ya mgonjwa linavyobadilika, na lazima upimwe kwa kifaa maalumu.

Ubishi mwingi umehusu ipi inaumiza damu kidogo, lakini hatari ndizo zinazozitenganisha hasa. Mpira ukikunjika mbele yake, pampu ya rola isiyo na kidhibiti cha shinikizo huendelea kusukuma hadi maungio yafyatuke; tangi la kukusanyia damu likikauka, hupeleka hewa kwa mgonjwa. Sentrifuga ikizibiwa njia hupunguza mtiririko yenyewe, na hewa nyingi huifanya ishindwe kusukuma, ingawa vipovu vidogo hupenya. Mtego wake ni mwingine: ikipungua kasi mno, damu hutoka kwenye aota na kurudi mashineni, kwa hiyo mpira unaorudisha damu kwenye ateri hubanwa kwanza ndipo pampu isimamishwe.

Tafiti za kulinganisha hazijaonyesha tofauti ya wazi ya vifo. Kikombe cha sentrifuga hutumika mara moja na ni ghali kuliko kipande cha mpira. Hata chumba cha upasuaji kinachotumia sentrifuga kama pampu kuu kwa kawaida hubaki na rola za kufyonza damu kifuani na kupeleka dawa ya kusimamisha moyo.