Kibla ya Nyamira na Hesabu za Damascus



Ramadhan iliyopita tulikodi chumba cha kuswalia tarawehe karibu na soko moja huku Nyamira. Usiku wa kwanza tu, mzozo. Mzee mmoja akasema kibla ni mashariki, kwani Uarabuni si mashariki? Sisi vijana tayari tulishatandika mikeka kaskazini. Mwishowe akasema, "Wanangu, nyinyi mko chuo kikuu. Basi hesabuni."

Kumbe hesabu ilishafanywa zamani. Mwaka 1025 Al-Biruni alimaliza kitabu kizima cha kupima mahali ilipo miji, na shabaha yake ilikuwa kibla ya Ghazna, Afghanistan. Karne ya 14, Al-Khalili, mtunza nyakati za swala katika msikiti wa Bani Umayya, Damascus, alitengeneza jedwali lenye majibu karibu 3,000, kwa miji ya latitudo 10 hadi 56 kaskazini. Fikiria, bila kikokotoo!

Kisii haimo, maana tuko kusini mwa ikweta. Lakini kanuni aliyoitumia haichagui mji. Chora pembetatu juu ya tufe la dunia: wewe, Kaaba, na ncha ya kaskazini. Wazee wale waliieleza kwa maneno. Sisi tunaandika kwa herufi:

tan K = sin T ÷ (cos a × tan m − sin a × cos T)

Hapa a ni latitudo yako, m ya Makka, T tofauti ya longitudo, na K ni pembe kutoka kaskazini kwenda mashariki. Aliye kusini aweke alama ya kutoa kwenye a, basi.

Kisii ni 0.7 kusini na 34.8 mashariki, Makka ni 21.4 kaskazini na 39.8 mashariki. T ni 5. Unapata 0.087 kugawa kwa 0.404, sawa na 0.216, yaani digrii 12. Nyamira pia ni 12. Kwa hiyo mzee alikosea sana, nasi tulikosea kidogo.

Mzee akataka kuona kwa macho. Kila mwaka, karibu tarehe 28 Mei saa sita na dakika 18 mchana, na 16 Julai saa sita na dakika 27, jua huwa juu ya Kaaba kabisa, na saa yetu ni moja na ya Makka. Mei tulisimamisha kijiti, wingu likatunyima. Julai jua likatoka. Kivuli kilianguka kusini, kikipinda kidogo magharibi. Mzee akakitazama kutoka nchani hadi kwenye kijiti, akanyamaza, kisha akaingia ndani kugeuza mkeka wake. Nasi tukageuza yetu.